Chuo cha Mwanangu Kinahama Konferensi: Mwalimu, Nifanyeje?

Safu yetu wiki hii ni ya mpira na masomo, manake barua tatu zimeingia zikiuliza kitu kimoja kwa njia tofauti, moja ya Malindi mbili za Lamu, na mimi nliyefundisha michezo shule za Malindi na Mambrui miaka mingi naliona jambo hili kila mwaka sasa, vijana wetu wanaenda vyuo vya Marekani na wazazi wanabaki huku hawana wa kuwaelezea. Barua nimezipunguza kidogo na majina nimeyaficha.

*Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Maweni, Malindi. Kijana wangu wa pili yuko Marekani mwaka wa pili, anacheza mpira chuoni, alipata skolashipu nusu na ile nusu nyingine tunachanga ukoo mzima, babake ana mashua ya kuvua na mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Juzi kanipigia saa tisa usiku nikaruka nikidhani kuna msiba, ananiambia mama chuo chetu kinahama konferensi Julai ijayo, timu yote tumeitwa mkutanoni. Nkamuuliza mnahamia mji gani, akacheka akasema hatuhami mji mama, tunahama konferensi, alafu bando ikaisha. Sasa mimi silali. Skolashipu inaenda na konferensi? Viza je? Shangazi yake ashaanza kusema tumrudishe. Mama Mshambuliaji, Malindi*

Waaleikum salaam mamangu. Kwanza lala, tena lala usingizi wa haki. Kijana haendi popote. Chuo kiko palepale, chumba chake kilekile, uwanja wa mazoezi uleule, hata kochi aliyemchukua kama hajaamua kuondoka mwenyewe yupo. Kinachobadilika ni wale watakaocheza nao.

Hebu nikueleze konferensi kwa kitu unachokijua. Huko Maweni najua mna chama, akina mama kumi kumi na mbili, mnatoa kila wiki, mna mwekahazina, mna sheria zenu na mtu haingii mpaka mkubaliane. Konferensi ni hivyo hivyo. Vyuo vimeungana, vinapangiana mechi, vinagombania kombe lao mwisho wa msimu, na kubwa zaidi vinauza kwa pamoja haki za kuonyeshwa kwa runinga alafu pesa wanagawana memba. Na vile mama mwenye mkono mzuri anaweza kuitwa na chama kingine kinachotoa fungu nono, ndo vyuo navyo vinavyohama. Si kama ligi yetu ambayo ukishinda unapanda na ukipigwa unashuka, kule hakuna kupanda kwa magoli, unaalikwa, na mwaliko unafuata watazamaji na pesa.

Wimbi lenyewe la miaka hii lilianza 2021 pale vyuo vya Texas na Oklahoma viliposema vinaacha konferensi ya Big 12 kwenda konferensi ya SEC, na ili watoke mapema waliachilia dola milioni 100 wakaingia 2024. Alafu Juni 2022 USC na UCLA, wote wa Los Angeles, wakatangaza wanaenda Big Ten, ambayo ni konferensi ya majimbo ya katikati na kaskazini, na miezi miwili haijafika Big Ten ikatangaza mkataba wa runinga na Fox, CBS na NBC wa miaka 7 unaozidi dola bilioni 7. Sasa umeona kilichowavuta. Leo Big Ten ina vyuo 18, jina limebaki kumi. ACC ni konferensi ya pwani ya Atlantiki lakini tangu 2024 ndani yake wako Stanford na California, vyuo vilivyo upande wa pili kabisa, bahari ya Pasifiki. SMU ya Texas ilitaka kuingia ACC mpaka ikakubali kukaa miaka 9 bila fungu lake la pesa za runinga.

Na pesa hizo zinaletwa na mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba kwa mikono na kuvaa helmeti. Huo ndio unaoamua chuo kihame ama kibaki. Mwanao na mpira wake wa miguu hajaulizwa kitu, anavutwa tu kama dau lililofungwa nyuma ya jahazi.

Skolashipu sasa. Skolashipu ni mapatano kati ya mwanao na chuo, konferensi haimo. Na ile fomu ya I-20 iliyompatia viza imetolewa na chuo hichohicho, kwa hivyo chuo kikihama konferensi viza haiguswi hata kidogo, mwambie shangazi apumzike. Ila mwambie kijana akupigie picha ile karatasi ya skolashipu akutumie, muangalie imeandikwa mwaka mmoja ama mpaka amalize, manake nyingi ni za mwaka mmoja na zinafanywa upya, na wakati wa kufanywa upya ndo wakati wa maneno. Na tena, asije akakasirika akaingia kwenye ile portal ya transfa, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, eti ajaribu bahati, akiingia tu chuo kinaruhusiwa kumkatia skolashipu muhula ukiisha, na hapo ndo viza nayo inaanza kuwa na shida kwa sababu bila ada hana darasa na bila darasa hana viza. Asiingie mpaka mmekaa mkaongea nyumbani, na kuwe na kochi mwingine ameahidi kwa maandishi.

Kuna maswali mawili ambayo mimi ningeyauliza leo hii kama mwanangu ni yeye, na sijaona wazazi wakiyauliza.

La kwanza ni hili, je hiyo konferensi mpya ina mpira wa miguu wa wanaume? Usishangae mamangu. SEC yenye majina makubwa yote hayo haina mashindano ya mpira wa miguu wa wanaume, na Big 12 pia haina. Kentucky na South Carolina ni memba wa SEC kwa michezo mingine yote lakini timu zao za mpira wa miguu za wanaume zinacheza konferensi nyingine, Sun Belt, na wa Big 12 nao wamekwenda hukohuko, West Virginia tangu 2022 na UCF tangu 2023. Kwa hivyo chuo kinaweza kuhama na timu ya mwanao ikaombewa nafasi kwingine kabisa, na pale mahesabu yakikataa kuna vyuo vinaona heri timu ifungwe. Mkutano wa timu waliouitiwa huenda ulikuwa wa kuelezwa hilo. Mwanao alisikia nini? Muulize neno kwa neno, kombe la msimu ujao tutagombania chini ya konferensi gani.

La pili ni safari, na hapa nikae kidogo manake limenigusa mwenyewe.

Mtoto wa dada yangu alicheza kule miaka minne. Konferensi yao ya kwanza ilikuwa ya majirani, wanatoka asubuhi na basi, wanacheza, usiku wako kitandani. Walipohama mechi zikawa mbali. Nliwahi kupata picha yake kwa WhatsApp saa nne asubuhi yetu, kule ni usiku wa manane, amekaa chini kwenye ile njia ya katikati ya basi, miguu imekunjwa, daftari la hesabu juu ya magoti na tochi ya simu ameishika kwa meno. Ukimwangalia utadhani mvuvi anatengeneza nyavu gizani. Walikuwa wameondoka Jumanne baada ya chakula cha mchana, wamecheza Jumatano usiku, na Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa na mtihani. Walifika chuoni alfajiri. Ofisi iliyotakiwa kupeleka barua kwa mwalimu wake ilisahau, mwalimu akakataa kumpangia siku nyingine, akaandika ule mtihani na jezi ya mazoezi mwilini, akaanguka. Mwaka mzima alikuwa anakimbizana na hiyo alama moja.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule Marekani, wana sheria ya saa 20 kwa wiki za mazoezi na mechi msimu ukiwa umeanza, lakini safari haihesabiwi humo, ukikaa kwa basi saa kumi ni zako mwenyewe. Toka Los Angeles mpaka New Jersey walipo Rutgers, na wote ni Big Ten sasa, ni karibu kilomita 4,000 na saa tatu tofauti za saa ya ukutani. Ni kama utoke Malindi uende Mombasa urudi, ufanye hivyo mara kumi na sita. Hawa wa helmeti wanacheza mara moja kwa wiki, Jumamosi mara nyingi, na safari za mbali kwa msimu ni chache, hawaumii sana. Wa mpira wa miguu na voliboli wanacheza katikati ya wiki pia, hao ndo wanaokosa darasa.

Na sasa sikiza hili kwa makini, manake wenzake Wamarekani watamdanganya bila kujua. Wachezaji wakiona safari zimezidi wanachukua masomo ya mtandaoni, wanasomea hotelini, mambo yanaenda. Mwanao hawezi. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, lazma abebe masomo kamili, kwa digrii ya kwanza ni kredi 12 kwa muhula, na katika hizo la mtandaoni linahesabiwa moja tu, kredi 3 basi. Akichukua matatu mtandaoni kama rafiki yake wa chumbani anaonekana kwenye kompyuta za serikali hajatimiza, na hapo viza imeingia maji. Kwa hivyo kabla ya kujiandikisha masomo ya Agosti, msimu unapoanza, aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ratiba ya mechi mkononi, awaonyeshe, awaulize nichukue yapi. Aende yeye mwenyewe kwa miguu yake, asimtume kochi. Kochi anajua mpira, viza si kazi yake.

Hayo mawili ukiyapata majibu niandikie tena tuendelee. Na mahamri usiache kuuza.

*Shikamoo mwalimu. Mimi nachezea hapa Lamu, mazoezi yetu Twaif, fomu foo nlimaliza na B. Makochi wawili wa Marekani wameniandikia baada ya kuona video zangu. Mmoja chuo chake kiko Divisheni II lakini mwakani kinapanda Divisheni I na kinaingia konferensi kubwa, ananipa robo ya ada. Mwingine ni Divisheni II, hakihami, ananipa zaidi ya nusu. Masela wote wananiambia chukua Divisheni I usiwe mjinga. Kiungo, Lamu*

Marahaba mwanangu, na hongera, B na mpira pamoja si mchezo.

Masela wako wanakupenda lakini wamechanganya vitu viwili. Kuhama konferensi ni kubadilisha majirani. Kuhama divisheni ni kubadilisha daraja lenyewe, na kule kuna kipindi cha kungoja, kilikuwa miaka minne kwa wanaotoka Divisheni II na Januari 2025 wakakipunguza mpaka mitatu kwa vyuo vitakavyotimiza masharti. Katika kungoja huko timu inacheza mechi zake za konferensi kama kawaida lakini mashindano ya mwisho ya taifa ya NCAA haiendi hata ikishinda kila mtu. Kuna chuo kinaitwa Merrimack, Massachusetts, timu yao ya basketi ya wanaume Machi 2023 ilichukua kombe la konferensi yao kwa pointi moja, 67 kwa 66, na hawakwenda, manake walikuwa bado wanangoja. Waliokwenda ni haohao waliofungwa nao, Fairleigh Dickinson, na wakafika kule wakamtoa Purdue aliyekuwa namba moja kwa upande wao, dunia nzima ikawaimba. Vijana wa Merrimack waliyaona hayo kwa runinga. Fikiria wewe uko mwaka wa kwanza, ukitoka hapo kungoja kumeisha umebakisha mwaka mmoja.

Alafu pesa. Mpira wa miguu wa wanaume haukuwahi kuwa na skolashipu za kutosha kule, Divisheni I kwa miaka mingi ilikuwa 9.9 kwa timu nzima, yaani skolashipu tisa na kitu zinakatwakatwa kwa vijana ishirini na zaidi, Divisheni II ni 9. Kwa hivyo wewe kupewa zaidi ya nusu si kitu kidogo, huyo kochi amekutaka kwelikweli. Tangu Juni 2025 kuna maafikiano ya mahakama yanayoruhusu vyuo vya Divisheni I kugawia wachezaji pesa, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo mwaka wa kwanza, na vyuo vilivyojiunga nayo timu ya mpira wa miguu haizidi wachezaji 28. Utasikia watu wakisema ukifika tu unalipwa. Nyingi ya hizo zinaenda kwa helmeti na basketi, na kwa mtu wa viza ya F-1 pesa ya aina hiyo ni mambo ya kuuliza ofisi ya wageni kabla ya kutia sahihi chochote, hata picha ya tangazo ya dola hamsini.

Mimi nakwambia chukua ile ya zaidi ya nusu. Lakini kabla hujajibu muulize kochi msimu uliopita timu ililala nje siku ngapi, na kwa darasa la mwaka wa mwisho ni wangapi waliomaliza digrii kati ya wale waliofika wote pamoja. Kochi mzuri anajibu hapohapo, tena kwa majina. Akizunguka, umeshajibiwa.

Na robo ya ada, mwanangu, zile robo tatu zilizobaki ni shamba la nani litauzwa? Ongea na wazazi na hilo, usilifiche kwa ajili ya jina.

*Mwalimu, mimi ni mtu mzima wa Shela, Lamu. Mwaka 1978 tulikuwa tunakaa na redio barazani tukimfuatilia Henry Rono anavunja rekodi moja baada ya nyingine, na nakumbuka mtangazaji akitaja chuo chake, Washington State. Mjukuu wangu ananiambia hicho chuo kiliachwa na wenzake wote. Ni kweli? Walikosa nini? Mzee wa Shela*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Ni kweli. Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka ule, mita 5,000, elfu tatu kuruka viunzi na maji, 10,000 na 3,000, na alikuwa mwanafunzi wa Washington State kama ulivyosikia. Mungu amrehemu, alitutoka Februari 2024. Na mwaka huohuo kufika Agosti konferensi aliyoikimbilia, iliyokuja kuitwa Pac-12 na iliyoanzishwa 1915, ilikuwa imebaki na vyuo viwili.

Ilivyokwenda ni hivi. USC na UCLA walipotangaza kutoka, waliobaki walikuwa wanatafuta mkataba wa runinga na haukupatikana wa kuwaridhisha. Julai 2023 Colorado akatoka. Agosti tarehe 4, siku moja tu mzee, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Septemba mosi Stanford na California wakaenda ACC. Waliobaki Washington State na Oregon State, chama cha watu kumi na mbili kimebaki na wawili wanaangaliana. Walichokosa ni mahali pazuri. Pullman yalipo makao ya Washington State ni mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano, runinga zinataka Los Angeles na Seattle.

Lakini hawakukaa chini kulia. Walikwenda mahakamani jimboni Washington wakidai wao ndio wenye chama sasa, si wale walioaga, na wakashinda, usimamizi wa mali ya Pac-12 ukabaki kwao. Michezo yao mingi wakaikodishia nafasi West Coast Conference kwa misimu miwili, na wakaanza kualika, Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State, Gonzaga na Texas State, kuingia Julai 2026. Jina halikufa. Mimi hilo limenifurahisha sana, sikufichi, manake nimeona timu za hapa Pwani zikifa kwa sababu mfadhili mmoja kaondoka na hakuna aliyebaki kushika funguo.

Na vijana wetu wa leo mjukuu wako akuambie wako wapi. Edward Cheserek alichukua mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, wakati ule bado Pac-12. Sharon Lokedi alisoma Kansas, ya Big 12, kabla ya kushinda marathoni ya New York 2022. Doris Lemngole akiwa Alabama, ya SEC, alichukua taji la taifa la mbio za nyika 2024. Konferensi tatu tofauti, na mkimbiaji saa inampima yeye mwenyewe, haiulizi yuko na nani.

Tena kuna kitu nataka ukijue. Mbio za nyika za NCAA, zile za kutafuta tiketi ya fainali mwezi wa Novemba, hazipangwi kwa konferensi. Zinapangwa kwa kanda, kanda tisa, kufuata ramani. Oregon wamekwenda Big Ten, Stanford wamekwenda ACC, Washington State wamebaki, lakini ikifika Novemba wote ni kanda ya Magharibi, wanapanga mstari mmoja kwenye nyasi, mlio mmoja, wanatoka pamoja kama zamani za Rono.